Mwalimu Ameandika Nini Wiki Hii?

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Alhamisi, nilibaki kidogo na akina mama wenzangu nikawauliza jambo moja. Tulikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja wetu ana mtoto katika shule ya msingi. Niliuliza: wiki hii mwanao amefundishwa nini darasani? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hesabu." Hesabu gani, mama? "Hizo za shuleni." Tukacheka wote. Lakini mama huyo huyo aliweza kunitajia bila kufikiri namba ya viatu vya mwanawe, mwezi alioota jino la kwanza, na chanjo ya surua aliyochomwa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18.

Sikuuliza ili kuwaaibisha. Mwaka jana mimi mwenyewe nisingekuwa na jibu.

Katika kazi yangu ya uuguzi nimekaa miaka mingi upande wa kliniki ya watoto, na sijaona mwanafunzi mwenye bidii kuliko mama mwenye kadi ya kliniki. Kila mwezi anakuja, mtoto anapimwa, nukta inawekwa, mstari unachorwa. Hata mama ambaye hakusoma anajua mstari ukipanda ni furaha na ukilala kuna jambo. Hangoji mtoto akonde. Basi mtoto huyo huyo akitimiza miaka mitano, kadi inawekwa chini ya godoro, na baada ya mwaka mmoja au miwili anaingia darasa la kwanza. Kuanzia hapo mama anapewa habari zake mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwenye karatasi yenye alama na nafasi aliyoshika. Mstari ukilala mwezi wa pili, wewe utajua mwezi wa sita.

Ndiyo maana nataka niwasimulie habari za mwalimu mmoja wa darasa la pili hapa kwetu Morogoro, ambaye kitinda mimba wangu yuko mikononi mwake tangu Januari. Sitamtaja jina, maana hapendi sifa.

Siku ya kwanza aliagiza kila mtoto alete daftari dogo la kurasa 40, lijaladiwe kwa gazeti au kaki, liandikwe juu "Nyumbani na Shuleni". Wazazi wengine tulinung'unika, tukidhani ni daftari jingine tu la kununua. Kila Ijumaa, nusu saa kabla ya kengele, mwalimu anaandika ubaoni sentensi nne au tano: wiki hii tumejifunza nini, wiki ijayo tutafanya nini, na kuna kitu gani cha kuleta. Watoto wananakili. Angalia busara yake hapo. Darasa lina watoto 78, na kiwango kinachotakiwa kwa darasa ni 45. Kama angeandika madaftari yote kwa mkono wake asingelala. Kwa kunakili, watoto wanafanya zoezi la mwandiko na habari inafika nyumbani. Kisha yeye anachukua madaftari kama kumi na tano tu, anaongeza mstari mmoja unaomhusu mtoto mwenyewe. Kwa hiyo kila mtoto anaandikiwa kila baada ya wiki tano au sita. Mwenye shida hangojeshwi zamu. Jumatatu daftari linarudi likiwa na sahihi ya mzazi.

Mimi sahihi nilikuwa naweka. Kusoma ndiko kulikonishinda.

Mwezi wa tatu daftari lilisema watoto watapanda maharage katika makopo, kila mtoto kopo lake, na kwamba kila siku waandike wanachokiona. Mwanangu alipanda punje tatu kwenye kopo la maziwa, akazimwagia maji asubuhi, mchana na jioni kwa mapenzi yote. Siku tano, sita, kimya. Siku ya nane kopo lilianza kunuka. Kesho yake ndiyo siku ya kupeleka. Nilimwonea huruma mtoto, na nikiri kwamba niliona aibu pia, mtoto wa nesi aende na kopo linalonuka! Usiku nikaenda kwa jirani, nikang'oa mche mzuri wenye majani mawili, nikaupandikiza, nikapangusa kopo. Mtoto alipoamka alidhani ni muujiza. Mimi nikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonisumbua baadaye kuliko mche wenyewe.

Ijumaa ile mstari wa mwalimu ulisema hivi: "Mama, maharage yamegeuka kunde. Naomba kopo la kwanza."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona haya. Sikuwa nimeangalia hata jani. Nikamweleza mwanangu ukweli, na bahati nzuri uchafu wa kopo nilikuwa nimeumwaga nyuma ya choo, tukaukuta. Punje zilikuwa zimeoza. Jumatatu tukazipeleka kama zilivyo, pamoja na kopo. Jioni mtoto alirudi amechangamka kuliko siku zote. Mwalimu alikuwa ameliweka kopo lake katikati, karibu na kopo la mwenzake lililoota vizuri, akawauliza darasa zima: tofauti ni nini? Watoto wakatazama, wakanusa, wakageuza. Msichana mmoja ndiye aliyeona: kopo lililoota lilitobolewa chini, la mwanangu halikutobolewa. Maji hayakuwa na pa kutokea. Mbegu, kama kiumbe chochote, inahitaji hewa, na kwenye udongo uliojaa maji hewa haipo. Walikuwapo pia watoto waliofungia makopo yao kabatini yasiguswe na wadogo zao. Yao yaliota, lakini miche ilikuwa myeupe, mirefu, imelegea kwa kukosa mwanga. Mwanangu alitoboa kopo kwa msumari siku hiyo hiyo na kupanda tena. Nilikuwa nimemnyima somo hilo kwa mche wa kuazima.

Sasa nikutana na akina mama wanaokesha wakishona mwanasesere au kukata ramani ya mtoto ili "apate alama", nawaambia kwa upole kwamba mwalimu anajua. Mshono wa mtu mzima haujifichi. Saidia kutafuta vifuniko vya soda, vipande vya kitenge, vijiti. Shika taa. Mkasi mwachie mwenyewe, japo atakata upande.

Jambo la pili si la kuchekesha.

Kuanzia mwaka huu uanze, mtoto wangu nilikuwa namwita hasikii. Namwita mara tatu akiwa ameangalia televisheni, haitiki, na sauti ameiongeza mpaka jirani anagonga. Nikasema ni kiburi, nikasema kitinda mimba amedekezwa. Siku moja nilimchapa kwa sababu hiyo. Wakati huo huo, kwenye daftari lililokuwa juu ya meza yangu, mwalimu alikuwa ameandika: "Anakosa sana imla, lakini anasoma vizuri maneno ya ubaoni." Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaweka sahihi chini ya maneno hayo bila kuyaona. Wiki mbili baadaye mtoto alisimama mbele yangu na daftari akasema, "Mama, mwalimu amesema usome, usiandike tu." Nikasoma: "Nimemhamisha akae mbele. Imla imepanda kutoka 3 hadi 8 kati ya 10. Naomba apimwe masikio."

Akina mama, mimi ni muuguzi. Watoto wangapi nimewashika vichwa ili daktari awatazame masikio? Nilikaa kitandani na lile daftari nikalia.

Daktari alikuta maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Hali hii hutokea kwa watoto baada ya mafua ya mara kwa mara. Hakuna usaha, kwa kawaida hakuna homa, na mara nyingi mtoto halalamiki maumivu; anasikia tu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ndiyo sababu nyumbani anaonekana mkaidi na shuleni anaonekana mzito. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe katika muda wa miezi mitatu, na yasipokauka yapo matibabu, basi tuliambiwa turudi, na kwa muda huo mtoto akae mbele na tuseme naye tukimtazama usoni. Tuliporudi, masikio yalikuwa makavu. Nilimwomba mwanangu msamaha kwa ile fimbo. Alikuwa ameshaisahau, au alijifanya hivyo.

Kwa kuwa tumefika hapo, niseme na la sikio linalotoa usaha, maana wengi mnaliona la kawaida. Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi huo ni ugonjwa sugu na unaharibu usikivu. Mpeleke mtoto kituoni. Usimtie mafuta, wala maziwa ya mama.

Narudi kwa daftari. Yuko bibi mmoja katika mtaa wetu anayelea mjukuu wake, na hakujaliwa kusoma. Nilimwuliza yeye anafanyaje Ijumaa. Akasema mtoto anamsomea kwa sauti wakiwa jikoni, naye anasikiliza, kisha anaweka alama ya kidole gumba kwa masizi ya sufuria. Wiki za mwanzo mjukuu alikuwa anasoma mbio sana, na habari zilikuwa nzuri mno: mwalimu anasema nimefanya vizuri, mwalimu anasema ninunuliwe maandazi. Bibi akatilia shaka maandazi. Akamwita mtoto wa jirani wa darasa la sita asome. Ikadhihirika kwamba mjukuu hakuwa anasoma kabisa, alikuwa anatunga. Mtoto wa darasa la pili, na silabi hazijui! Bibi hakupiga kelele. Jumatatu alijifunga kanga yake akaenda shuleni mwenyewe kumwambia mwalimu, "Huyu ananisomea kwa kichwa, si kwa macho." Mwalimu akamweka kwenye kikundi cha watoto wanaorudia silabi. Siku hizi anasoma polepole, kwa kidole, na maandazi yametoweka kwenye barua.

Nakumbuka utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, ambao ulipita nyumba kwa nyumba ukiwapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio walioweza kuisoma kwa Kiswahili. Wazazi wengi walishangaa, maana mtoto alipimwa palepale kwenye mkeka, mbele yao. Mwaka 2015 serikali ilileta mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia kusoma, kuandika na kuhesabu, na Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Tulishukuru, na tuna haki ya kushukuru. Ila nasikitika kusema baadhi yetu tulielewa kwamba ada ikifutwa na mzazi amefutwa.

Wengine mtaniambia siku hizi kuna kundi la WhatsApp la darasa. Lipo na letu. Linafaa kwa tangazo la kikao au shule ikifungwa kwa mvua. Lakini si kila mama ana simu ya namna hiyo, na bando nalo ni fedha. Tena ujumbe wa mwalimu unazama katikati ya salamu za asubuhi na michango ya misiba. Na kuna hatari nyingine: katika shule moja ambayo sitaitaja, mwalimu alirusha alama za watoto wote kundini, na kabla ya saa sita mchana mtoto wa mwisho alikuwa na jina la utani. Habari za mtoto mmoja ziende kwa mama yake. Kina baba nao wasome. Mume wangu sasa ana Ijumaa zake, nikiwa zamu, na mwandiko wake kwenye daftari ni mbaya kuliko wa mwanawe.

Kila nikiliona daftari lile namkumbuka Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alimtoa mwanawe akae kwa Eli hekaluni, akabaki mbali naye. Hata hivyo kila mwaka alipokwenda na mumewe kutoa dhabihu alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Ninyi mnaoshona mnajua: mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimwingii. Ili amshonee kanzu ya kumtosha ilimbidi ajue mwanawe amefikia wapi. Naamini alimwuliza Eli.

Ijumaa iliyopita daftari lilisema wiki hii wanapima urefu wa vitu kwa shubiri. Jumatatu nilipotoka kazini nilikuta vyombo vimeondolewa mezani na mtoto anatambaa na kiganja chake. Shubiri kumi. Akataka nipime na mimi. Yangu ikawa saba na kidogo. Akaitazama meza, akautazama mkono wangu, akauliza nani amekosea. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Tukachukua kalamu, tukamwandikia mwalimu swali lake, na mimi nikaweka sahihi chini yake.