Shira ya Pankeki: Usinunue, Pika Mwenyewe

Makala hii ni ya wale ambao mfuko umetoboka, yaani karibu sote.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani posho yangu ilichelewa wiki tano. Ndani nilikuwa na unga, mayai na maziwa, basi nikawa nakula pankeki asubuhi na usiku. Unga haukunisumbua. Kilichonisumbua ni ile chupa ya utamu wa kumwagia juu, maana iliisha mapema na hela ya kununua nyingine sina. Nikamlalamikia mama kwenye simu, yuko Tanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo si shira tu? Kama ya kaimati?"

Niliona aibu. Uhandisi wote ule, na sijawahi kusoma maandishi ya nyuma ya chupa.

Hebu soma ya kwako. Zile za bei rahisi zina shira ya mahindi, maji, rangi ya karameli, harufu ya kutengeneza na dawa ya kuzuia kuoza. Mepuli, ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada, haumo kabisa. Shira halisi ya mepuli ni kitu kingine. Watu wa Vermont na Quebec wanaugema mti ule mwisho wa baridi, kama wagema wetu wanavyogema mnazi. Utomvu wake una sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo inabidi kuchemsha takriban lita 40 kupata lita 1. Ndiyo maana bei yake si ya mwanafunzi.

Na ile harufu? Hapa ndipo nilipocheka. Inafanana na uwatu, ule ule wa jikoni kwetu pwani. Uwatu una kemikali iitwayo sotoloni, yenye harufu ya mepuli, na viwanda huutumia kutengenezea harufu hiyo. Kuanzia mwaka 2005 wakazi wa New York walikuwa wakisikia harufu ya shira ya pankeki mjini bila kujua inatoka wapi. Mwaka 2009 Meya Michael Bloomberg akatangaza kwamba chanzo ni kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikisindika mbegu za uwatu.

Basi tuingie jikoni.

Mahitaji

Sukari vikombe 2 (nusu nyeupe, nusu ya kahawia; nyeupe tupu pia inafaa)
Maji kikombe 1
Maji ya ndimu au limau, nusu kijiko cha chai
Uwatu, nusu kijiko cha chai
Chumvi, chembe chache
Vanila au iliki ukipenda

Uwatu utaupata kwenye maduka ya Wahindi. Ukikuta na sukari guru, chukua, inaingia vizuri mahali pa sukari ya kahawia.

Namna ya kupika

1. Kaanga uwatu kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka unukie. Usiuache uwe mweusi, utakuwa mchungu. Ufunge kwenye kitambaa safi.
2. Weka sukari, maji, chumvi na uwatu sufuriani. Koroga kwa moto wa wastani mpaka sukari yote iyeyuke.
3. Ikianza kuchemka, tia ndimu na uache kukoroga. Punguza moto, iache ichemke taratibu dakika 5 hivi.
4. Toa uwatu, tia vanila, acha ipoe, mimina kwenye chupa safi iliyokauka.

Utapata chupa ya karibu nusu lita. Mfuko wa sukari wa paundi 4, yaani kama kilo 1.8, unatoa chupa nne na sukari ya chai inabaki. Piga hesabu mwenyewe na bei za duka lako.

Kwa nini inaharibika

Mara ya kwanza nilipika shira ya kifungua kinywa cha jumuiya, kile cha kuchangia makoti ya wanafunzi wapya. Nilitaka iwe nzito, nikaichemsha sana. Asubuhi chupa zote tatu zilikuwa jiwe. Watu wako mlangoni, mimi napiga simu Tanga. Mama hakuuliza mengi: "Ndimu ulitia?" Sikutia.

Baadaye ndipo nikayaunganisha na masomo. Kwenye joto la chumba, maji hubeba sukari mpaka kama asilimia 67 ya uzito wote, basi. Ukizidisha, ile ya ziada inarudi kuwa chembechembe. Ukipunguza sana, ukungu unapata maji ya kutosha kuota. Tunalenga asilimia 66 hivi, na mwenye kipimajoto asimamishe kwenye 104°C. Asiye nacho adondoshe tone kwenye sahani baridi: litiririke polepole, lisikimbie kama maji. Likivuta uzi kati ya vidole, hiyo sasa ni ya kaimati, ongeza maji kidogo.

Ndimu kazi yake ni hii: asidi pamoja na moto huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kirahisi. Kukoroga ikiwa inachemka nako kunaleta chembe. Zile punje zilizoshika ukutani mwa sufuria zikianguka ndani zinakuwa mbegu, na nyingine zinajijenga juu yake.

Ikigeuka jiwe usitupe. Weka chupa kwenye maji ya moto, ikilainika irudishe sufuriani na maji vijiko viwili vitatu na ndimu, ichemke kidogo. Ndivyo nilivyookoa asubuhi ile, na watu walikula wakachanga.

Tahadhari: shira ya moto inaunguza kuliko maji, maana inang'ang'ania ngozi. Weka chupa kwenye friji, tumia ndani ya mwezi, ukiona ukungu mwaga. Ukiwapikia wengi, sema kama umetia uwatu, kwani baadhi ya wenye mzio wa karanga unawadhuru. Na sukari ni sukari, mwenye kisukari asidanganyike kwamba ya nyumbani ni dawa.

Kifungua kinywa kijacho shira naleta mimi. Nyinyi leteni njaa na mchango wa makoti.