SEVA YA USIMAMIZI NI MTUNZA GHALA WA KUMBUKUMBU ZETU



Zamani kumbukumbu za mwanachama zilikaa katika leja, kitabu cha stakabadhi na daftari la mizani. Siku hizi, katika vyama vingi, kilo za tumbaku au kahawa alizoleta mkulima, deni lake la mbolea na malipo anayostahili huandikwa katika kompyuta. Kumbukumbu hizo zikipotea, mkulima wa Kasulu au Kibondo hana pa kusimamia atakapodai haki yake. Kwa hiyo utunzaji wa mitambo hii si kazi ya fundi peke yake, bali ni jambo la uongozi na la ukaguzi.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Taarifa ambazo chama hupeleka katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2013. Huko katibu huhitaji kompyuta, mtandao na nywila tu. Makala haya yanahusu mitambo ambayo chama kikuu au SACCOS imeinunua na kuiweka katika ofisi yake yenyewe.

Maana yake

Seva ni kompyuta kubwa inayohudumia kompyuta nyingine. Badala ya kununua seva moja ya hesabu, nyingine ya daftari la wanachama na ya tatu ya mishahara, chama hununua moja yenye nguvu na kuigawa ndani kwa ndani. Kila sehemu hufanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili, nayo huitwa kompyuta pepe. Ni kama ghala moja lililogawanywa vyumba: mazao ya kila chama yana chumba chake, lakini paa ni moja.

Utaratibu huu si mgeni. Kampuni ya IBM iliutoa kwa wateja wake mwaka 1972 katika mitambo yake mikubwa, na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ikaueneza katika kompyuta za kawaida. Pale penye seva kadhaa za namna hii huwekwa seva ya usimamizi, ambayo kwa VMware huitwa vCenter. Huyu ndiye mtunza ghala: anajua nini kimo katika chumba gani, na ndiye mwenye funguo. Akiugua, magunia hayaozi siku hiyo. Kompyuta pepe zilizokwisha kuwashwa huendelea na kazi, ila usimamizi wa pamoja husimama. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa viongozi huona kazi zinaendelea wakadhani hakuna tatizo.

Mambo ya kusimamia

(a) Nakala za akiba. Zichukuliwe za kompyuta pepe na za seva ya usimamizi pia. Zisikae katika mtambo ule ule, wala katika chumba kile kile, kwani paa likiungua vyote vimekwenda. Angalau mara moja kila msimu nakala irejeshwe kwa majaribio. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina uhakika.

(b) Picha ya hali. Fundi huweza kuhifadhi hali ya kompyuta pepe ilivyo kabla ya kufanya mabadiliko, ili mambo yakiharibika airudie. Hiyo si nakala ya akiba. VMware inashauri picha moja isitumike kupita saa 72, kwa sababu huendelea kukua na kula nafasi ya diski.

(c) Nafasi ya diski. Seva huandika kumbukumbu za kila tukio. Diski ikijaa, huduma husimama. Nafasi iliyobaki ikaguliwe kila wiki na kuandikwa.

(d) Saa. Mitambo yote ifuate saa moja. Saa zikitofautiana, seva hukataana, na tarehe za miamala huwa hazina kuaminika.

(e) Nywila na vyeti. Katika vCenter, nywila ya msimamizi mkuu wa mtambo kwa kawaida huisha baada ya siku 90. Vyeti vya utambulisho navyo vina mwisho. Tarehe hizo ziwe katika kalenda ya ofisi. Nywila ya dharura ifungwe katika bahasha na kuwekwa kwenye kasha la fedha, ili fundi akiondoka asiondoke na funguo.

(f) Masahihisho. Mwezi Mei 2021 ilitangazwa kasoro kubwa ya vCenter iliyoweza kumpa mtu wa nje amri juu ya seva bila nywila. Masahihisho yawekwe mapema, na seva ya usimamizi isifunguliwe kwa intaneti.

(g) Umeme. Ni lazima pawe na betri ya akiba. Umeme ukikatika muda mrefu, zizimwe kwanza kompyuta pepe, kisha mtambo wenyewe. Wakati wa mvua tusisahau kinga ya radi.

(h) Leseni. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa hulipwa ada ya kipindi. Ipo programu huria, Proxmox VE, iliyotoka mwaka 2008, ambayo hutumika bila kununua leseni. Bodi iulize gharama ya kila mwaka kabla ya kutia saini, na iiweke katika makisio.

Wajibu wetu

Ndugu Katibu, huhitaji kuwa fundi ili uulize: nakala ya mwisho ilichukuliwa lini? Iko wapi? Nani alijaribu kuirejesha? Nani mwingine anayejua nywila? Majibu yaandikwe katika daftari na kusainiwa. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Nawe Ndugu Mwanachama, usitupe stakabadhi yako ya mizani hata ukiambiwa kwamba kila kitu kimo katika kompyuta. Siku hesabu zitakapogongana, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Na katika Mkutano Mkuu uliza juu ya nakala za akiba kama unavyouliza juu ya bei ya mazao, kwa kuwa bei nzuri haimfai mtu ambaye kilo zake hazionekani.