Mshtuko wa Moyo na Kurudi Kazini

Moyo ni msuli, nao hauwezi kufanya kazi bila ya damu yenye oksijeni. Damu hiyo huletwa na mishipa myembamba iliyouzunguka moyo wenyewe. Donge la damu linapoziba mmojawapo wa mishipa hiyo, sehemu ya msuli hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mahali palipokufa hutokea kovu, ambalo hukomaa katika wiki sita hadi nane hivi.

Kwa kulihofia kovu hilo, madaktari wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliwalaza wagonjwa kitandani kwa wiki nyingi, na wengi wakashauriwa kuacha kazi kabisa. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, wa Boston, Marekani, walitoa taarifa juu ya wagonjwa waliokalishwa kitini tangu siku za mwanzo, bila ya madhara yaliyohofiwa. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani kwa siku 20, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukapungua kwa zaidi ya robo. Ikadhihirika kwamba kulala peke yake hudhoofisha mwili.

Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipatwa na mshtuko wa moyo Septemba 1955, akiwa na umri wa miaka 64. Alirejea kazini hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari Paul Dudley White, akachaguliwa tena mwaka 1956, na akamaliza kipindi chake Januari 1961.

Lakini rais hufanya kazi mezani. Je, mpakizi wa mizigo au mkulima wa jembe? Jibu hupatikana kwa kupima. Nguvu anayotumia mtu aliyeketi kimya huhesabiwa kuwa kipimo kimoja. Kazi ya mezani huhitaji kiasi cha kipimo kimoja na nusu. Kutembea kwa haraka, vitatu hadi vinne. Kulima kwa jembe, vitano au zaidi. Mgonjwa hutembezwa juu ya mashine huku moyo wake ukichunguzwa, ili kikomo chake kijulikane. Kwa kawaida, wastani wa kazi ya siku nzima haupasi kuzidi asilimia 40 ya kikomo hicho. Mwenye kikomo cha vipimo vinane, basi, aweza kufanya kazi ya vipimo vitatu kutwa. Jembe atalishika kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko.

Wapo ambao moyo wao wawezesha kazi, ila hofu yao, ya jamaa zao au ya mwajiri huwazuia. Kwa hiyo cheti kisemacho "apewe kazi nyepesi" hakitoshi. Yafaa kitaje uzito wa mizigo anayoruhusiwa kuinua, saa za kazi katika wiki za kwanza, na siku ya kupimwa tena. Dereva wa abiria huhitaji uchunguzi wa pekee, kwani akizimia ghafla huhatarisha maisha ya wengi.

Kudumu kazini nako kuna masharti yake: kuacha tumbaku, kumeza dawa bila ya kukatiza, kudhibiti shinikizo la damu na kufanya mazoezi aliyoelekezwa. Maumivu ya kifua yakitokea kazini, mfanyakazi aache kazi papo hapo, na yasipokoma upesi apelekwe hospitali bila ya kukawia.