Mungu Mahali Tusipomtazamia
Somo: Mwanzo 28:10-22

Usiku ule Yakobo hakuwa kwenye ibada. Alikuwa mkimbizi: amemdanganya baba yake, anamkimbia ndugu yake Esau. Jua likatua angali njiani, akalala chini, jiwe chini ya kichwa. Hakuomba, hakufunga. Hata hivyo Mungu akajifunua kwake.

Tuangalie ile ngazi ya ndotoni. Neno linataja malaika wakipanda kwanza, ndipo wakishuka. Basi tunaelewa kwamba walikuwa tayari huko chini pamoja naye, naye hakujua.

Mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, wengi wetu tulikimbia Goma, tukalala Sake juu ya vitenge, barazani kwa watu. Tulisema, "Tukirudi nyumbani tutaomba vizuri." Kumbe Mungu hakubaki Goma kutungoja. Mama aliyegawa sombe yake na watoto wetu, hapo palikuwa Beteli yetu, nasi hatukutambua.

Leo wengi wetu bado wako mbali na kwao. Tusingoje kurudi. Yakobo alisimamisha jiwe lile lile alilolalia, akalimiminia mafuta. Nasi tumwabudu Mungu papo hapo tulipolala. Amina.