"Nikifika nitajua tu": Kihispania na mlango wa uani

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kizota, nimeingia kwenye kafe ya intaneti kutoa kopi za vyeti. Dogo mmoja aliyekaa kompyuta ya pembeni akanigeukia. "Shikamoo kaka. Eti wewe ndiye uliyesoma Cuba?" Nikamjibu marahaba, ndiye mimi. Kumbe ameomba skolashipu ya huko, anasubiri majibu. Nikamuuliza, Kihispania umeshaanza? Akacheka. "Aah kaka, nikifika nitajua tu. Si nitakuwa naishi nao?"

Nilitaka kucheka na mimi nikashindwa, maana mwaka 2003 nilisema maneno hayohayo, karibu neno kwa neno, tena nikiwa mtaa uleule. Nikamweleza kidogo, ila muda wake wa kompyuta ukaisha akaondoka. Basi naandika hapa yaliyobaki, kwa ajili yake na kwa wadau wengine mnaohangaika na fomu za kwenda kusoma nje.

Nilipofika Havana tulianza na mwaka wa maandalizi, yaani kusoma lugha kwanza kabla ya masomo yenyewe. Bwenini tulikuwa Waafrika Mashariki saba: Wabongo wanne, Wakenya wawili na Mganda mmoja. Raha tupu! Asubuhi darasani Kihispania, mchana tunakula pamoja Kiswahili, jioni tunasonga ugali wa unga wao wa mahindi, Kiswahili mpaka usiku. Akija mtu wa kutusaidia jambo tunamtafutia Kiingereza. Baada ya miezi minne nilikuwa napata alama nzuri kwenye mitihani. Nilijua kunyambua vitenzi vya wakati uliopita, ujao, na ule wa "laiti ningejua". Lakini mkate nilikuwa nanunua kwa kunyoosha kidole.

Aliyesoma sekondari zetu ananielewa. Kidato cha kwanza unatupwa kwenye Kiingereza, biolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Miaka minne! Halafu mtu anamaliza fomu foo na sentensi mbili hazimtoki. Siyo kwamba hana akili. Kengele ikilia anatoka nje, na nje hakuna hata muuza karanga mmoja anayehitaji Kiingereza chake. Kuna mlango wa uani, na kila siku saa nane mchana anatokea hapo. Mimi Havana nilikuwa nimejenga mlango wa uani wangu mwenyewe, ng'ambo ya bahari.

Mlango ule ulifungwa kwa bahati. Januari 2004 mabomba ya bweni letu yaliharibika, wakatutawanya kwenye vyumba vya wengine wakati wa matengenezo. Mimi nikaangukia chumba cha Wabolivia wawili na Mhondurasi mmoja. Kiingereza hawana, Kiswahili ndiyo usiseme. Nakumbuka wiki za kwanza kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni, maumivu ya kweli kabisa, mpaka nikaenda kupimwa. Sikuwa na ugonjwa. Ni kusikiliza tu. Wacuba wanameza herufi s mwishoni mwa maneno. Kitabuni "más o menos", yaani hivyohivyo tu, mtaani unasikia "má o meno". Nilikuwa najua maneno lakini siyatambui yakipita, kama ndugu yako aliyenyoa ndevu.

Halafu sijui lini, labda wiki ya sita, ule ukuta wa sauti ukaanza kukatikakatika. Nikawa nasikia "funguo", nasikia "maji yamekatika", nasikia "nani kala mchele wangu". Angalia ni maneno gani hayo. Hayakutoka sura ya kwanza ya kitabu. Yalikuwa yanasemwa kila siku saa ileile, kwa jambo lilelile, mbele ya macho yangu: bomba limekauka na mtu ana ndoo mkononi, huhitaji tafsiri. Kazi kubwa ya kuishi kwenye lugha ni hiyo, maneno yanakuja yameshikana na vitu. Ndivyo mtoto anavyojifunza, na mtoto naye husikiliza muda mrefu kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo ukiwa ugenini umekuwa bubu mwezi mzima usikate tamaa. Ila uwe bubu uliye katikati ya watu. Kujifungia chumbani peke yako na kamusi ni kitu kingine.

Darasa langu bora lilikuwa foleni. Cuba kuna foleni ya kila kitu, na mtu hasimami mstarini kama kwetu benki. Watu wametawanyika, huyu kivulini, yule kakaa ukingo wa barabara. Ukifika unauliza kwa sauti: "¿El último?" Yaani nani wa mwisho? Mtu anainua mkono, na wewe unakuwa wa mwisho mpaka aje mwingine akuulize. Usipouliza hununui. Na ukishauliza, yule wa mbele yako ni jirani yako kwa saa nzima, atataka kujua unatoka wapi, kama Afrika kuna simba mitaani, kama umeoa. Mkate mmoja, saa moja ya mazungumzo, bure.

Aibu nayo ni mwalimu, tena mkali. Siku moja sokoni nikaona mapapai. Kamusi yangu ilisema "papaya", nikajisemea hili rahisi, karibu Kiswahili kabisa. Nikaliagiza kwa sauti ya kujiamini. Foleni nzima ikaangua kicheko, mwuzaji akashika tumbo. Bibi mmoja akanivuta mkono, akaniambia taratibu, "Fruta bomba, mijo." Kumbe Havana lile neno la kamusi ni tusi, linataja sehemu za siri za mwanamke. Nchi nyingine wanalisema bila shida yoyote. Huko, hapana. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mpaka leo sijalisahau tena. Na wiki kadhaa nilikuwa nawaambia watu "soy aburrido" nikidhani nasema nimechoka na upweke. Kihispania kina "kuwa" mbili, "ser" ya tabia na "estar" ya hali ya sasa. Nilikuwa najitangaza kwamba mimi ni mtu wa kuchosha. Mbolivia wangu alinirekebisha akicheka mpaka machozi.

Pale chumbani ndipo nikakumbuka Mvumi. Mimi mtoto wa Kizota nimekua na Kiswahili. Nilipokuwa na miaka minane nilipelekwa kwa bibi Mvumi nikakaa karibu mwaka. Nilijua "mbukwenyi" tu, salamu ambayo kila mtu Dodoma anaijua. Binamu zangu walinipeleka machungani na hawakunibembeleza kwa Kiswahili hata siku moja. Mbuzi akiingia shambani kwa watu, unaambiwa kwa Kigogo, na ukichelewa kuelewa unachapwa na mwenye shamba. Niliporudi mama alishangaa. Kwa hiyo hii kitu watu wanayolipia mamilioni huko Ulaya, kwenda kuishi na familia ujifunze lugha, wengi wetu tumeshaipitia kwa bibi zetu tena kwa mlenda na ugali wa uwele. Tumeshasahau tu.

Sasa mfano mkubwa kuliko wangu. Aprili 1965 Che Guevara alipita nchini kwetu kwa siri, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo pamoja na Wacuba wenzake. Walijipa majina ya Kiswahili ya kuhesabia: Dreke akaitwa Moja, Martínez Tamayo akaitwa Mbili, Che mwenyewe Tatu. Akapewa kijana wa Kikongo wa miaka kama 15 au 16, Freddy Ilanga, awe mwalimu wake wa Kiswahili na mkalimani. Novemba mwaka uleule mambo yakawa yamewashinda, wakaondoka. Che akakaa Dar es Salaam kwenye ubalozi wa Cuba akiandika yaliyotokea, na katika makosa yake mwenyewe aliyoyataja limo hili: hakujifunza Kiswahili haraka wala vizuri vya kutosha. Sababu aliyoitoa ni Kifaransa. Alikijua, na viongozi wa Kikongo walikijua, kwa hiyo alielewana na wakubwa na akabaki mbali na askari wa kawaida. Mtu yuko porini miezi saba, ana mwalimu wake binafsi, maisha yake yanategemea kuelewana na wale vijana, na bado mlango wa uani ulimshinda!

Freddy yeye alipelekwa Cuba. Alidhani ni kwa muda mfupi. Akaingia Kihispania mzima mzima, akasoma, akawa daktari, akaoa, akazeeka hukohuko. Alifariki mwaka 2005. Lakini ilipita miaka karibu 40 bila mawasiliano na ndugu zake, mpaka siku moja akapata simu kutoka kwao Bukavu.

Nasema hivi ili mtu asidhani kufunga mlango ni bure. Bibi yangu wa Mvumi alifariki 2005 nikiwa mwaka wa pili wa masomo. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, kompyuta chuoni tulikuwa tunaingia kwa zamu, habari ilinifikia wiki mbili baadaye, ameshazikwa. Nilikaa kitandani nikatafuta maneno ya Kigogo ya kumlilia, yakanijia ya Kihispania. Sijawahi kumwambia mama jambo hilo.

Leo mambo yamegeuka. Nilipokuwa mimi, Cuba intaneti ilikuwa adimu kama nyama. Mwaka 2015 wakaweka waifai kwenye bustani za mijini, na Desemba 2018 simu zikaanza kupata intaneti. Mwanafunzi wa sasa anaweza kuwa Havana mwili tu, kichwa kiko grupu la WhatsApp la darasa la saba, anabishana Simba na Yanga mpaka usiku wa manane. Mlango wa uani uko mfukoni. Simwambii mtu atupe simu, mimi nani nimwambie hivyo baada ya yale ya bibi. Mpigie mama kila Jumapili. Lakini siku sita zilizobaki, mchana, simu ikae kimya.

Na usiende mtupu kama mimi. Kuzamishwa kunamfaa mtu anayejua kuelea kidogo. Wakenya walipopeleka madaktari 50 Cuba mwaka 2018 kusomea udaktari wa familia, ilibidi watu wazima wenye digrii zao waanze na lugha kwanza. Sisi Waswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana: a, e, i, o, u zao ni zetu, hazibadiliki. "Hablo, hablas, habla" ni "nasema, unasema, anasema", tofauti wao nafsi wanaiweka mkiani mwa neno na sisi tunaiweka kichwani. Wana jinsia kwenye vitu, meza ni ya kike, mkate wa kiume, Mwingereza analia, lakini mtu aliyekua na ki-vi na m-mi atashtuka nini? Na maneno mengine ni jamaa zetu kabisa kupitia Waarabu na Wareno. "Azúcar" ni sukari, "aceituna" ni zeituni, "hasta" ni ile "hata" yetu ya hadi, "bandera" ni bendera, na "vino" ni mvinyo, ambao sisi watu wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa. Maneno mia tano ya mwanzo unaweza kuyapata hapohapo Kizota kwa miezi mitatu, na masikio unayazoesha kwa redio za Kihispania kwenye intaneti badala ya kuangalia video za udaku.

Ukifika, omba chumba na watu msioelewana nao. Wabongo wenzako utawakuta tu, hawapotei. Nenda foleni hata kama njaa haikuumi. Na usijisumbue kutafuta "shikamoo" ya Kihispania, mimi niliitafuta mwaka mzima, haipo. Unamsalimia mzee wa miaka themanini "buenos días" kama unavyomsalimia muuza magazeti. Moyo utakusuta, lakini yeye atakuita "mi amor" na maisha yataendelea.

Wadau mliosoma Urusi, China, Algeria, Uturuki, nyie mlifanyaje? Mlikaa na nani bwenini? Na dogo wa kafe, kama unasoma hapa, ukifika sokoni agiza nanasi kwanza.