Lenzi ya Kitambo, Kamera ya Saa Hii
Sony 50mm f/1.2 ilitoka 2021 ikienda karibu dola 2,000. Dola, buda! Hiyo ganji inakununulia boda mpya na chenji ya mafuta. Hatuna hiyo time.

Saa hii ukitaka picha ya kushtua mbogi, dai Helios 44-2. 58mm, f/2, chuma tupu. Waliitoa Soviet, wakifuata Biotar ya Zeiss. Fungua apacha yote, simamisha beshte yako mbele ya miti. Majani yanazunguka duara nyuma yake, yeye ametulia tu katikati. Filta za simu zikae kando.

Mzae wa studio ya passport atakushow ati lenzi ya filamu itachoma kamera ya dijitali. Zii! Lenzi ya manual haina waya, haina chip, haina stima. Ichome na nini? Noma iko kule nyuma, pale chuma inaingia kwa chuma.

Uko na mirolesi? Tulia. Kwa Sony E, kutoka maunti hadi sensa ni milimita 18 tu. Helios ni ya maunti ya M42, inadai 45.46. Hiyo tofauti inajazwa na adapta, kabomba ka chuma hakana kitu ndani. Ingia menyu, ruhusu shata ipige bila lenzi, juu kamera haioni chip, inadhani hujaweka kitu. Washa fokasi pikingi. Kingo zikiwaka rangi, bonyeza.

DSLR ndio iko na madrama. Kuna kioo ndani, kinaruka kila ukipiga. Ukizungusha fokasi ikuwe ya mbali kabisa, glasi ya nyuma inarudi ndani, na kwa full-frame za Canon kuna lenzi za M42 zinagongana na hicho kioo. So anza na fokasi ya karibu. Piga moja, songa kidogo, piga ingine, huku umetega maskio. Kioo kikikwama, usilazimishe.

Wasee wa Nikon, skizeni poa. D7000, D750, D850, zote ziko na kameno kadogo pembeni ya maunti. Lenzi nyingi za Nikkor za kabla ya 1977 ziko na pete inayokasukuma vibaya, na ukikaza kwa nguvu kanavunjika. Halafu mzae wa studio aseme "si nilikwambia?" Asipate hiyo furaha! Cheki pete ya apacha. Namba mistari miwili, mikubwa na midogo, hiyo ni lenzi ya aina ya AI, twende kazi. Mstari mmoja tu, weka chini. D3400 haina hako kameno, zile za kitambo nyingi zinaingia fiti, but mita imelala. Weka M, ujipimie mwanga mwenyewe. Na Helios kwa Nikon DSLR, adapta bila glasi inakunyima fokasi ya mbali. Potraiti sawa, mlima sahau.

Aibu kubwa ni kulipia lenzi bila kuimulika. Washa tochi ya simu, pitisha mwanga kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa ndani, hiyo ni kuvu. Muuzaji ataapa ni vumbi. Vumbi haina mizizi, msee, rudisha! Na kama uko Coast na huo unyevu wote, zile pakiti ndogo za silika hukuja na viatu vipya, usitupe. Zitie kwa bag ya kamera.