Chakula cha Jioni Uani, Koti Mwilini

Anayetoka Tanga au Bujumbura akafika Wisconsin katikati ya mwaka hukutana na jambo lisilomwingia akilini. Julai nzima, joto likiwa kama la kwetu, watu wamejifungia ndani na viyoyozi vyao. Inaingia Oktoba, majani yamekuwa mekundu, jioni kipimajoto kimeshuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi, na ndipo jirani anapotoa meza ndefu uani, anatundika taa kwenye uzio, anakoka moto na kualika watu wanane waje kula wakiwa na makoti. Nyumba yake ina hita na meza ya kulia. Anatafuta nini nje?

Picha za mitandaoni zinajibu kwa maboga yaliyopangwa ngazini na mablanketi ya mirabamiraba. Hayo ni mapambo tu. Asili yenyewe iko kwenye jua, kwenye mahindi, na sehemu fulani kwenye boya la ziwani.

Tuanze na jua. Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na hakuna anayepanga sherehe kwa kulifuata. Milwaukee, huko Wisconsin, iko latitudo ya 43 kaskazini. Huko mwezi wa Juni jua linazama saa mbili na nusu usiku. Tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, linazama saa moja kasoro dakika kumi. Mwisho wa Oktoba ni saa kumi na mbili kasorobo hivi. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na jioni hiyo hiyo jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Anayeandaa chakula nje mwezi wa Oktoba anajua kinachomsubiri: miezi kadhaa ya kuingia kazini gizani na kutoka gizani. Nyuzi 10 zinazotutetemesha sisi, kwake ni bahati ya mwisho, maana Januari meza ile ile itakuwa imefunikwa na theluji.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mbu. Jimbo hili lina maziwa makubwa na madogo yapatayo 15,000, na mbu wake wa Julai hawana adabu. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hulegea wasiruke, na jalidi ya kwanza inawamaliza wengi wao. Kwa hiyo kati ya mbu wa mwisho na theluji ya kwanza panabaki upenyo wa wiki chache.

Na ndani ya wiki hizo mbingu zinatoa zawadi ambayo sisi wa karibu na ikweta hatuijui. Kwa wastani mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku inayopita. Zanzibar tofauti hiyo haibadiliki sana mwaka mzima, ndiyo maana baada ya mwezi kupevuka mbalamwezi ya kweli huonekana mapema jioni kwa siku chache tu. Kaskazini, karibu na mlingano wa Septemba, njia ya mwezi inalalia upeo wa macho kwa pembe ndogo jioni, na mwezi unachelewa kwa dakika 25 au 30 tu. Matokeo yake, kwa siku kadhaa mfululizo mwezi mkubwa unapanda mashariki muda mfupi baada ya jua kuzama. Wakulima waliutumia kuendelea kuvuna usiku, kabla ya taa za umeme na trekta.

Hapo ndipo karamu hii ilipozaliwa, shambani. Katika karne ya 18 na ya 19 majimbo ya kaskazini yalikuwa na desturi ya ujima ambayo Mpare angeiita msaragambo bila kusita. Mkulima alirundika mahindi yake ghalani, akaita majirani, nao wakaja jioni kumenya maganda kwa mashindano. Aliyekuta hindi jekundu katika lundo alikuwa na ruhusa ya kumbusu ampendaye, na inasemekana baadhi ya vijana walikuja nalo mfukoni. Kazi ikiisha, mwenyeji anatoa nyama, mikate ya boga, maji ya tufaha yaliyochacha, na zeze linaanza kulia. Chakula kilikuwa ndio ujira wenyewe. Hata miaka ya 1920, kumenya kwa mkono kulipokuwa kunaelekea ukingoni, Henry A. Wallace wa Iowa, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Roosevelt, alikuza mashindano ya kumenya mahindi yaliyovuta umati mkubwa mashambani. Mashine ya kuvunia ikamaliza kazi. Watu wakabaki na hamu ya kukusanyika, sababu ikiwa imeondoka.

Ukitaka kuiona karamu hii kabla haijawa ya picha, nenda kaskazini mashariki mwa Wisconsin, upande wa Green Bay, ukatafute booyah. Wabelgiji waliozungumza Kiwaloni walihamia huko miaka ya 1850, na mchuzi mzito wa jina hilo umeshikamana na makanisa na vikosi vya zimamoto vya vijijini tangu zamani. Sufuria moja inaweza kubeba zaidi ya lita 190. Inatengwa nje juu ya moto wa kuni usiku wa manane. Kuku na nyama ya ng'ombe vinachemka hadi mifupa inaachana na nyama, kisha vinafuata viazi, karoti, kabichi, vitunguu na njegere, na wanaume wanapokezana kukoroga kwa miti mirefu mfano wa makasia. Asubuhi watu wanapanga foleni na ndoo zao. Aliyewahi kukesha kwenye pilau la harusi Pwani atajisikia nyumbani, mpaka mabishano ya wapishi kuhusu chumvi.

Kabla ya Wabelgiji walikuwepo wenyeji wa asili wa Amerika. Waoneida walisukumwa kutoka New York wakafika karibu na Green Bay miaka ya 1820, na mpaka leo wanalima mahindi meupe, ambayo wanayavuna msimu huu. Mahindi, maharage na maboga vilipandwa pamoja katika shamba moja: bua linabeba maharage, maharage yanarutubisha udongo, majani ya boga yanafunika ardhi isikauke. Vyote vitatu vilitoka bara la Amerika, vikatufikia sisi baada ya Wareno kuanza kupita Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ukipeleka makande kwenye karamu ya Oktoba, usijione umeleta kitu kigeni. Umerudisha.

Swali linabaki: kama asili ni ghala la kijiji na uwanja wa kanisa, ilikuwaje chakula kikahamia uani kwa watu wanane? Hapa inabidi kuzungumzia nyumba.

Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe ina baraza mbele, inayotazama njia. Anayepita anasalimia, anakaribishwa, anakaa. Uani ni kwa wa nyumbani. Nyumba ya zamani ya Marekani nayo ilikuwa na kibaraza cha mbele chenye viti vya kubembea, na majirani walifanya kama sisi. Gari lilileta vumbi na kelele mbele ya nyumba, kiyoyozi kikawaondolea watu haja ya kutafuta upepo, televisheni ikawashika sebuleni. Kisha sheria ya mwaka 1944 iliyowasaidia askari waliorudi vitani kupata mikopo ya nyumba, pamoja na vitongoji vipya kama Levittown, New York, kilichoanza mwaka 1947, vikajenga maelfu ya nyumba zinazofanana, kila moja na kipande chake cha nyasi nyuma. Levittown ilikataza kwa mkataba wakazi wasio weupe, na haikuwa peke yake. Ua huo wenye amani tunaouona kwenye magazeti ya mapambo ulianza ukiwa na mlango uliofungwa kwa watu kama mimi.

Ndiyo maana huku huwezi kupita ukakaribishwa. Maisha yamegeuka kinyume na yetu: mbele hakuna mtu, nyuma ndiko kuna watu, na nyuma huingii bila mwaliko. Mwaliko una saa ya kuanza, na wakati mwingine ya kumaliza. Mgeni atauliza alete nini. Usimjibu "njoo tu," hata kama umelelewa hivyo. Atafika na chupa ya mvinyo usiyoitumia. Mwambie alete mkate au kuni.

Boya sasa. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, alikuwa amechoshwa na jiko lake la kuchomea nyama: upepo unapeperusha majivu, mvua inazima makaa. Kiwanda kilitengeneza maboya ya chuma. Akachukua tufe la boya, akalikata katikati, nusu ya chini ikawa jiko, ya juu ikawa mfuniko, akatoboa matundu ya hewa. Majirani walicheka kwanza, kisha wakataka lao. Mfuniko ule ndio ulioongeza msimu. Jiko la wazi ni la kiangazi. Lenye mfuniko linashika joto na kuchoma kuku mzima hata nje kukiwa na nyuzi 5. Kwa mishkaki bado napendelea jiko la wazi, kwa sababu moshi ukifunikwa sana nyama inakuwa na ladha ya masizi, lakini hilo ni suala la ubishi wa nyumba na nyumba.

Moto wa kuota ni jambo jingine, na wengi wetu tunaukosea hesabu. Joto la moto wa wazi husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga: linapasha kinachoutazama tu. Magoti yanaungua, mgongo unaganda. Usiku usio na mawingu ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto la ardhi linapotea moja kwa moja angani. Dawa yake ni kuuweka moto karibu na ukuta au uzio usioshika moto, viti vikiwa kati ya moto na ukuta huo, na blanketi la kwanza liende chini ya makalio kabla ya mabega. Kiti cha chuma kinanyonya joto la mwili haraka kuliko upepo unavyolichukua.

Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Mwaloni uliopasuliwa unahitaji mwaka mmoja au miwili kufika hapo. Ukiuchoma mbichi utawafukuza wageni kwa moshi, na jirani ataita zimamoto. Nunua za karibu. Mwaka 2002 iligunduliwa karibu na Detroit kwamba mdudu wa kijani kutoka Asia alikuwa anaua miti ya ash, na alisambaa katika majimbo mengi, mara nyingi akiwa ndani ya kuni zilizobebwa kwenye magari ya watu wanaokwenda kupiga kambi. Tangu hapo majimbo mengi yamewekea mipaka usafirishaji wa kuni. Wanaoishi kwenye maghorofa nao wasome mkataba wa pango kabla ya kuota ndoto: jiko la makaa kwenye roshani limekatazwa katika miji mingi.

Kuhusu chakula, adui ni upana. Sinia la pilau linapendeza, na kwa nyuzi 10 linapoa kabla ya dua kwisha. Acha pilau kwenye sufuria, funika, weka makaa juu ya mfuniko kama afanyavyo bibi. Wamarekani nao wana chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko ulioinuka kingo, uliotengenezwa ili makaa yasidondoke. Duka lolote la vifaa vya kambi linacho, na kwa wali wa nazi sijaona mshindani wake. Supu ya kongoro inashinda kila kitu msimu huu. Chapati zikae kwenye hotipoti, chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai, sahani zipashwe moto kwanza. Saladi na kachumbari vitaliwa na wachache; andaa kidogo.

Boga la kuchonga nyuso usilipike. Lina maji na nyuzinyuzi, halina utamu. Lilizalishwa kwa ukubwa na ganda. Kwa maboga ya nazi tafuta butternut au kabocha, bei yake Oktoba ni ndogo kwa sababu ndio mavuno, na Illinois hapo kusini ndiyo inayoongoza Marekani kwa kilimo cha maboga. Taa usihangaike nazo. Madukani wanauza chemli kama pambo kwa bei ya kuchekesha, na ukiwa na moja ya kweli yenye mafuta ya taa utaulizwa habari zake usiku kucha.

Tarehe ndiyo inayohitaji akili. Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu wa Septemba au wa mwanzo wa Oktoba ndiyo bora, wageni wakaribishwe saa kumi na moja ili wale mlo wa kwanza jua likiwepo. Katikati ya Oktoba weka akiba ya Jumapili endapo mvua itanyesha, na angalia kwanza ratiba ya Packers, timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay, la sivyo utakula supu yako na watoto.